Gitaa Lililovuliwa Sare

Hapo zamani, si zamani ya mbali, watu wanne walikaa mkekani uani kwa marehemu Mkude, mpiga gitaa la solo wa Morogoro. Alikuwepo Bi Tunu, mjane wake. Alikuwepo Sikudhani, binti yao, na kichanga chake mgongoni. Alikuwepo Hoza, fundi wa kupaka magari rangi. Alikuwepo na Mzee Chande, aliyepiga besi pamoja na marehemu tangu ujana. Katikati yao lililazwa gitaa la umeme.

Bendi ya Mkude na Chande ilikuwa na desturi: sare ikibadilika, magitaa nayo yanapakwa rangi ya sare. Shati jeupe, gitaa jeupe. Shati jekundu, gitaa jekundu. Shati la kijani, gitaa la kijani. Rangi ikalala juu ya rangi. Mkude alipougua alisema, "Gitaa langu limechoka kuvaa sare. Atakayelirudishia sura yake, litakuwa lake." Akafariki kabla hajampakata mjukuu.

Sikudhani alilitaka, ili mwanawe aijue sauti iliyomlaza mama yake utotoni. Akafungua skrubu, akatoa nyuzi na nyaya. Dawa ya kutoa rangi hakuigusa, maana alikuwa ananyonyesha. Kwa msasa na mikono akavua kijani, akavua nyekundu, akavua nyeupe. Siku tisa. Vidole vikachubuka. Mti ukatokea, wa rangi ya asali.

Akalipeleka kwa Hoza. Hoza alivuta turubai kwanza, vumbi lisimfikie mtoto. Kisha akapapasa ukingo wa gitaa.

"Hapa pamebonyea, dada."

"Ziba tu, kaka Hoza."

Akaziba kwa puti, kama anavyoziba mlango wa gari lililogongwa. Mara Mzee Chande akapita kuwasalimu.

"We Hoza! Unamzika Mkude mara ya pili?"

"Mzee, si kibonde tu hicho?"

"Kibonde? Hapo ndipo mkono wake ulipolala hadi mti ukalika! Miaka saba kabla ya sare ya kwanza!"

Akatoa kisu chake cha kumenyea machungwa, akaikwangua puti ingali mbichi, taratibu, hadi kibonde kikarudi. Sikudhani akajiinamia. Yeye ndiye aliyesema kizibwe.

Hoza akapaka vanishi mara sita, akisugua kwa msasa wa maji kila ilipokauka, mpaka mti ukang'aa.

Ndipo wakakaa mkekani, Bi Tunu aamue gitaa ni la nani.

Sikudhani akasema, "Nisingelivua, lingekuwa bado kwenye sare."

Hoza akasema, "Ulilivua, dada yangu, likabaki uchi. Unyevu ungelila. Mimi nimelisitiri."

Mzee Chande akasema, "Sura ya mtu ni alama zake. Bila mimi mngekuwa na gitaa zuri, lakini si la Mkude."

"Mzee, kazi ya dakika kumi na wewe unadai?"

"Kukwangua, dakika kumi. Kuujua mkono ule, miaka thelathini, mwanangu."

Bi Tunu alilaza mkono wake kwenye kile kibonde, kisha akalibeba gitaa, akaingia nalo ndani.

Mpaka leo hajaamua; gitaa liko kitandani kwake, upande aliokuwa akilala Mkude, halina nyuzi.

Semeni nyinyi mliosikiliza: nani alistahili? Aliyelivua, aliyelisitiri, au aliyelitambua?