Mafiga ya Sikudhani

Sogeeni, hadithi imeiva!

Hapo kale wanadamu wote walikuwa nyumba moja: Sikudhani na kaka zake watatu. Walikuwa na chungu cha ajabu, kikikaa juu ya mafiga matatu kinajipikia chenyewe.

Zimwi likamnong'oneza kila kaka: "Uchawi umo kwenye figa."

Alfajiri Sikudhani akakuta chungu kimelala majivuni, mafiga hayapo. Mmoja kakimbilia milimani, mmoja nyikani, mmoja pwani, kila mtu na figa lake.

"Ndugu wa tumbo moja!" akalia.

Lakini figa moja haliinjiki chungu. Kila mmoja akajitafutia chakula chake na lugha yake, wakawa makabila.

Sikudhani yuko palepale, chungu mapajani. Ukibisha hodi, hakuulizi kabila. Anakutazama mikononi, kama umerudisha figa.