Darasa la Utulivu la Mwalimu Sungura

Ukame ule ulibakiza kisima kimoja tu, nacho kilitoa maji kwa kudondosha. Simba akaamuru kila mnyama apate kibuyu kimoja kwa siku. Sungura, ambaye kazi kwake ni maradhi, akajipa ualimu.

"Kiu huletwa na akili inayotangatanga," alisema. "Wekeni vibuyu nyuma yenu, visiwavute macho, kisha mlikazie macho jiwe hili. Atakayegeuka, maji yake ni ya mwalimu."

Simba alisifiwa kwa utulivu, kumbe anasinzia. Fisi alifaulu siku ya kwanza, maana aliweka mfupa juu ya jiwe. Aliyeshindwa ni Digidigi. Jani likianguka, anageuka. Panzi akiruka, anageuka. Akirudi nyumbani ni mikono mitupu, na mwanawe sasa hakuweza hata kusimama.

"Kichwa chako kinavuja, mama," Sungura alimwambia. "Mbona wenzako wanaweza?"

"Naogopa, Mwalimu. Nikiogopa, masikio yanakwenda yenyewe."

Darasa zima likamcheka.

Kesho yake Digidigi alisikia maji yakichezacheza nyuma yake. Akageuka. Sungura akaja mbio kuchukua kibuyu, na kila alivyopiga hatua, mlio ule ulikuja naye. Hapo wasiwasi wa Digidigi, uliozoea kuruka kichaka hadi kichaka, ukapata pa kushika. Nzi alitua puani mwake, hakumjali. Fisi alimzomea, hakusikia. Alimkazia Sungura macho mpaka mwalimu akatoka jasho.

"Kuna nini?" Simba akazinduka.

"Mfalme, mwambie Mwalimu aruke mara moja tu."

Sungura akaruka shingo upande, na tumbo likalia kama mtungi wa maji unaotikiswa. Wanyama wakageukia vibuyu vyao. Vilikuwa nusu, kama kila siku, na kila siku waliamini maneno ya Mwalimu kwamba nusu ya pili imekaushwa na mawazo yao mabaya.

Simba aliona haya. Akampa Digidigi kibuyu chake mwenyewe, naye mama akaondoka mbio kwenda kumnywesha mwanawe.

"Sasa keti, Mwalimu," Simba alisema. "Kazia jiwe. Fisi, kaa nyuma yake."

Fisi akakaa, akameza mate. Sikio moja la Sungura likageuka, kisha la pili, kisha Sungura mzima, akatimua mbio na hadi leo hajui kutulia. Mchimba kisima huingia mwenyewe.