Fahali Asiyegawanywa

Hapo zamani, si ile ya mababu bali ya juzijuzi tu, kijiji kimoja cha Ugogo kilivamiwa na kwelea, vijindege vinavyomaliza shamba la mtama kabla mwenyewe hajanawa uso. Ikaletwa ndege ya kunyunyizia dawa. Rubani wake alikuwa Kokusima, mwanamke asiyependa kukaripiwa. Pembeni yake alikaa Chedego, mrina asali wa kijijini, amwonyeshe viota.

Walikuwa wakiruka chini, karibu kukwangua miti, injini ikakohoa, ikaishiwa nguvu. Bosi wa Kokusima akafoka redioni:

"Geuza! Rudi uwanjani! Ukiiharibu ndege, kazi huna!"

Kokusima alijua kwamba ndege isiyo na nguvu ikikata kona chini vile, huanguka kama gunia.

"Sigeuzi! Kazi yako chukua!"

Akaielekeza ndege mbele moja kwa moja. Uzito wa dawa ukawa unawavuta chini. Nayo mizinga ya Chedego, mali yake yote, ilikuwa imetundikwa kwenye miti ile ile iliyokuwa mbele yao. Chedego akavuta mkono wa kufungulia tangi, dawa yote ikamwagika.

"Nyuki wangu, nisameheni!"

Ndege ikapata wepesi, ikaivuka miti.

Mbele palikuwa na shamba la Mama Mbeleje, mahali pekee pa kutua. Yeye alikuwa juu ya dungu, akitikisa nyaya zenye makopo ya kutishia kwelea. Nyaya hizo zingeinasa ndege na kuipindua. Majirani wakamwita akimbie.

"Nikimbie, watu wafe kwenye waya wangu? Thubutu!"

Akaruka chini na panga, akakata waya wa kwanza, akakata wa pili, akakata mpaka wa mwisho. Ndege ikatua kwa tumbo, ikaulaza mtama wote, chakula cha mwaka mzima. Wawili wale wakatoka wazima.

Kijiji kikatoa fahali kwa aliyeokoa roho zile.

"Ni wangu," akasema Kokusima. "Ningetii, leo mngekuwa matangani. Na kazi nimefukuzwa."

"Bila mimi ukaidi wako ungeishia mitini," akasema Chedego. "Sina nyuki hata mmoja."

Mama Mbeleje akawacheka kwa hasira. "Ninyi mliokoa roho zenu. Mimi niliokoa za wenzangu. Sasa wanangu wale nini?"

"Basi gawaneni," akasihi mwenyekiti wa kijiji.

"Hagawanywi!" wakajibu wote watatu kwa sauti moja.

Haya, ninyi mliokaa hapo mnatikisa vichwa: kamba ya fahali huyo mngemkabidhi nani?