Kishingo Mwekundu na Matenga Matatu

Hapo zamani, si za mababu bali za mama zetu, aliishi Singida mama mmoja jina lake Zaituni, mtu asiyeambilika kwa habari za kuku. Kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, aliwarithi kwa marehemu mama yake. Ugonjwa wa kideri ukapita, ukawafagia wote, akabaki mtetea mmoja na mayai kumi na mawili. Mayai yakaanguliwa, mtetea naye akafa. Zaituni akalia, akafuta machozi, akatangaza mbele ya majirani:

"Atakayenifikishia vifaranga hawa kwenye yai la kwanza, kuku atakayelitaga ni wake. Nimesema!"

Kumbe aliyeanza kuharibu ni yeye mwenyewe. Alinunua gunia la chakula cha kuku wa mayai. "Si nataka watage? Sasa niwape cha nani?" Siku tisa vifaranga wakala chakula kilichojaa chokaa. Wakazubaa, mbawa zikashuka, watano wakafa.

Akaja Sikitu, dada wa mumewe. "Wifi, hicho ni cha mama zao! Chokaa yote hiyo, figo za kifaranga zitaibeba wapi?" Akasaga mahindi laini, akatia soya na dagaa wa kutosha, akawalisha wiki nane. Saba wakasimama. Zaituni akalitupa lile gunia nje ya boma, akaapa chakula cha namna ile hakitaingia kwake tena.

Sasa akanogewa na kile cha vifaranga, akataka waendelee nacho hadi wazeeke. Kuku wakanenepa, wakawa wanakaa chini mchana kutwa kama wageni wa harusi walioshiba. Jirani yake Ntandu, mkamuaji wa alizeti, akacheka.

"Mama, unafuga kuku au unanenepesha mbuzi wa sikukuu? Hawa sasa wanataka cha kukuzia." Akachanganya pumba nyingi, mashudu ya alizeti kiasi, dagaa kidogo. Kuku wakawa wepesi, wakakimbia.

Walipofikisha miezi sita, mmoja wao, kishingo mwekundu, sura ileile ya kuku wa marehemu mama yake, akataga. Yai laini, halina gamba! Wenzake wakalidonoa likaisha. La pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo. Zaituni akaingiwa na hofu, maana yai lisilo na gamba haliatamiwi, na uzao wa mama yake ulikuwa unaishia pale.

Siku kumi baadaye akatia mkono kiotani, akashika yai gumu, la moto bado. Akapiga vigelegele hadi majirani wakaja. "Amekula nini huyu?"

Tausi, mke wa mwanawe, akapiga goti. "Nisamehe mama. Nimempa kwa siri kile cha kuku wa mayai, ulichoapa hakitaingia tena. Kiliua vifaranga, ni kweli. Lakini mtagaji bila chokaa atajenga gamba kwa kitu gani?"

Zaituni akakasirika, akafurahi, vyote kwa pamoja. Akamkamata kishingo mwekundu. "Ahadi ni ahadi. Leteni matenga."

Yakaja matatu.

Sikitu akasema, "Wifi, maiti hatagi. Bila mimi usingekuwa na kuku wa kumshika."

Ntandu akasema, "Ulisema yai la kwanza. La kwanza lilitoka nikiwa nalisha mimi. Gamba hukulitaja."

Tausi akasema kwa adabu, macho chini, "Mama, lile lililodonolewa lilikuwa yai? Hili ndilo litakalotoa kifaranga. Nami nililileta nikijua naweza kufukuzwa."

Basi Zaituni, asiyeambilika, siku hiyo akatamani kuambiwa. Kuku mmoja, matenga matatu, na vifuniko vyote viko wazi. Kuku mwenyewe anapigapiga mbawa, mikono inachoka.

Haya, ninyi mnaojua kuku kuliko Zaituni: angekuwa mikononi mwenu, mngemtia kwenye tenga la nani?