Ufunguo wa Chumba cha Darasa

Palikuwa na Sultani akiitwa Mukrim, na palikuwa na tausi wake arubaini, na tausi hao walikuwa wakiona joto. Mnacheka? Ngojeni kwanza. Tausi wakilia, Sultani hanuni peke yake. Hununa na mji mzima.

Sasa, katika mtaa wa Mayahudi palikuwa na chumba kimoja chenye kuta nene na ubaridi mtamu. Kilikuwa chumba cha darasa. Kila Sabato, baada ya chakula cha mchana, wafua fedha, wafinyanzi na washona viatu wa mtaa ule walikusanyika humo na mwalimu wao, Yihya. Walisoma Kitabu chao fungu moja kila wiki, wakabishana juu ya kila neno mpaka jua likazama. Humo ndimo walimojifunza wao ni nani, wazee wao walitoka wapi, na kwa nini siku ile hawawashi moto. Mahali pengine hawakuwa napo. Ufunguo alikuwa nao Bi Shamaa, mjane mfuma vikapu, aliyekifagia chumba kile miaka ishirini. Mtu akikosea hoja, alimsahihisha kwa mpini wa ufagio.

Basi Sultani akaleta amri: chumba kitolewe, kiwe tundu la tausi.

Mwalimu Yihya akaenda na watu wake kulia mbele ya Sultani. Alilia vizuri, maskini, tena kwa adabu, lakini Sultani alikuwa anakula zabibu na hakusikia. Bi Shamaa akamsogeza mwalimu kando.

"Maulana, mji ni wako na sisi tu wako. Ombi langu ni dogo. Kitabu chetu tulikianza mwaka jana, na sasa yamebaki mafungu manne tu. Tuache tukimalize."

"Mkikimaliza?"

"Siku hiyo nitakukabidhi ufunguo kwa mkono wangu."

Sultani akatema kokwa za zabibu kwa furaha. Mafungu manne! Tausi wangeweza kuvumilia mwezi mmoja.

"Naapa mbele ya hawa wote," akasema, akipigapiga kiti chake cha enzi, "sitakigusa chumba kile mpaka mmalize. Naapa kwa kiti hiki, ambacho tangu kichongwe hakijakaa kitupu hata saa moja! Unajua, mwanamke, baba yangu alikata roho adhuhuri. Maji ya kumkoshea yalikuwa hayajapata moto, mimi nimeshaketi!"

"Hayajapata moto?"

"Hata uvuguvugu! Enzi ya nyumba yetu haina mwisho."

"Nimesikia, Maulana. Na hawa wote wamesikia."

Njiani wenzake walimshukia kama mvua ya mawe. Umetuuza! Mwezi mmoja tu, halafu tusomee wapi, juu ya paa? Mwalimu Yihya peke yake hakumlaumu. Alihesabu mafungu kwa vidole, akahesabu tena, kisha akaanza kutabasamu ndani ya ndevu zake.

Siku ya fungu la mwisho ikafika. Kwa watu wale siku hiyo ni sikukuu. Sultani alikuja mwenyewe na askari, na nyuma yake watumishi wamebeba matundu arubaini yanayopiga kelele. Akakuta wazee wazima wanacheza na kuimba, wamekumbatia magombo ya Kitabu chao.

"Wanacheza nini hawa," akauliza, "na leo wanafukuzwa?"

Mwalimu Yihya alikuwa ameshaanza kusoma gombo. Akasoma mpaka Nabii Musa akafa, na lilipotoka neno la mwisho Sultani akanyosha mkono.

"Ufunguo!"

Lakini gombo la pili lilikuwa limeshafunguliwa pembeni. Yihya akageukia huko, akasoma jinsi mwanga ulivyoumbwa.

"Anafanya nini huyu?"

"Anasoma, Maulana," akasema Bi Shamaa.

"Si mmemaliza!"

"Nani kamaliza? Tuko mwanzo kabisa."

"Nimesikia kwa masikio yangu Musa amekufa!"

"Na sasa hivi hata Adamu hajaumbwa."

Sultani akawa mwekundu. "Umebuni hila hii ili unichezee?"

"Nibuni mimi? Hivi ndivyo walivyofanya babu zetu, siku kama ya leo. Wakifika mwisho wanaanza papo hapo, asije mtu akasema kwetu kujifunza kumekwisha."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Maneno yale yale?"

"Maneno ni yale yale, Maulana. Ila sisi si wale wale. Mimi mwaka jana nilikuwa na meno mawili zaidi."

Askari mmoja akacheka. Akajuta.

"Usinizungushe, mwanamke!" Sultani akapiga mguu chini mpaka tausi wakanyamaza. "Mwisho ni mwisho! Kitu kikifika mwisho kimekwisha, hata kama kinaanza kingine papo hapo. Hicho ni kingine! Nimesema kweli au sikusema kweli?"

Bi Shamaa akauvua ufunguo shingoni. Mwalimu Yihya akafumba macho, na mfinyanzi mmoja akaanza kulia waziwazi, kwa maana alikuwa amejifunzia kusoma humo akiwa na mvi.

"Umesema kweli, Maulana," akasema Bi Shamaa. "Mimi mjinga nilikuwa sijui. Kitu kikifika mwisho kimekwisha, hata kama kinaanza kingine papo hapo. Basi enzi ya nyumba yenu ilikwisha adhuhuri ile baba yako alipokata roho, maji hayajapata moto. Ufunguo huu hapa, lakini ni wa mwenye enzi tu. Sasa nimkabidhi nani?"