Firigisi ya Mama Lugano

Zimeni redio kidogo, sogezeni vigoda.

Huko Rungwe waliishi majirani watatu. Mwinjilisti Mwaisaka alijua kutunza: kila mazishi aliyoongoza aliyaandika kwenye daftari, na daftari lililala sandukuni kama nguo ya sikukuu. Ambakisye wa bodaboda alijua kila njia ya mlimani, kavu na ya tope. Sekela wa duka la kutoa kopi alijua mambo ya mtandao, na hakuwa mtu wa kukata tamaa.

Jirani yao Mama Lugano alikuwa mwangalifu tu. Mvua ya kule haina huruma, kwa hiyo kila karatasi muhimu aliifunika kwa plastiki ngumu isiyobanduka.

Binti yake, Lugano, alipata nafasi chuo cha uuguzi. Ada hawakuwa nayo, lakini serikali ilitoa ruzuku kwa wanafunzi waliofiwa na mzazi. Vilitakiwa cheti cha kifo cha baba na fomu yenye mhuri wa mtendaji wa kijiji, vyote vitumwe kwa mtandao kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa.

Baba Lugano alifia nyumbani, na kifo chake hakikuandikishwa. Mwinjilisti akafungua sanduku.

"Huyu hapa, mama. Alhamisi, manyunyu. Hata wimbo tulioimba nimeuandika."

Akaongozana naye hadi wilayani, akatoa ushahidi. Cheti kikatoka.

Ijumaa asubuhi mtendaji akagonga mhuri kwenye fomu. Wino ukateleza. Mama Lugano alikuwa ameifunika plastiki!

"Mama, hii umemtunzia mjukuu?" mtendaji akauliza. Hakuwa na fomu nyingine, akaondoka kwenda kikaoni kijiji cha juu.

Mama Lugano akakaa chini. Alijiona amemfungia mwanawe mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Lugano akakimbilia kwa Sekela, akachapiwa fomu mpya. Ambakisye akaitia ndani ya koti.

"Shangazi, usilie. Weka chai jikoni, narudi."

Pikipiki ikazama kwenye tope. Akaiacha pale, akapanda mlima kwa miguu, akamtoa mtendaji kikaoni. Alirudi saa kumi na nusu, ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Fomu ilikuwa kavu, ina mhuri.

Mara umeme ukakatika. Sekela, mwanawe mgongoni akilia kwa kuota meno, akatoa simu yake. Akapiga picha ukurasa mmoja mmoja, akatuma. Mtandao ukakwama. Akatoka nje, akapanda juu ya tofali, akatuma tena. Zikiwa zimebaki dakika tano, simu ikajibu: imepokelewa.

Baada ya wiki sita ujumbe ulikuja. Serikali ingelipa ada yote, moja kwa moja chuoni. Mama Lugano akaomba asomewe mara tatu. Kisha akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua kuni, akaenda kushika kuku.

Nyumbani kwake firigisi haikatwi. Huwekwa kwenye sahani ya mtu mmoja anayeheshimiwa. Zamani ilikuwa ya mumewe. Leo wageni ni watatu.

"Mpe mwinjilisti," Ambakisye akasema. "Bila daftari lake, ningebeba nini?"

"Mimi meno yenyewe yako wapi?" mwinjilisti akacheka. "Ampe Sekela. Bila yeye makaratasi yangekuwa ya kufungia vitumbua."

"Mimi nilisimama kwenye tofali tu," Sekela akasema, akimbembeleza mwanawe. "Ambakisye ndiye aliyepanda mlima."

"Mama," Lugano akaita, "chakula kinapoa!"

Mama Lugano alikuwa bado amesimama, anatabasamu, macho yamejaa machozi. Firigisi ilikuwa kwenye upawa, mchuzi ukidondoka, na mbele yake sahani tatu.

Je, wewe ungeiweka kwenye sahani ya nani?