Uzito wa Mzigo Muulize Farasi

Uzito wa mzigo muulize farasi. Mliisikia methali hiyo asubuhi, mjomba wenu alipotamba kwamba kazi za nyumbani ni nyepesi na mama yenu akamjibu kwa maneno hayo. Mjomba alinywea, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Basi kaeni niwaambie ilikotoka, na msinikatize. Mwanzo wake uko mbali, Uingereza, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, enzi za magari ya kukokotwa na farasi.

Alikuwako mwendesha gari aitwaye Josiah Pruett, aliyewapenda farasi wake wawili kuliko abiria, wala hakuficha. Njia yake ilipanda mlima mkali, na hapo palikuwa na desturi isiyovunjwa: gari likifika chini ya mlima, abiria wote hushuka wakapanda kwa miguu, tajiri kwa maskini, ili farasi wapate nafuu.

Mchana mmoja aliwapakia mabwana wawili wa mjini, Lovell na Crake, bila abiria wengine; walikuwa wakiondoka nyumbani kwa tajiri mmoja wa hapo, walikokuwa wageni. Walikuwa na sanduku walilolipandisha wenyewe, wakikataa kusaidiwa. Walisema ni kofia tu. Kwenye mlima wakashuka, lakini farasi walisimama mara tatu, jasho likiwatiririka. Pruett alishangaa, ila mizigo ya watu haikumhusu. Akawalisha farasi mkate wake, akawaomba radhi, safari ikaendelea.

Wiki mbili baadaye akasikia kwamba Keziah, mtumishi wa yule tajiri, yuko kizimbani. Vyombo vya fedha vilikuwa vimeibwa, na ufunguo wa kabati alikuwa akiushika yeye. Enzi hizo wizi wa namna hiyo ulimfikisha mtu kwenye kitanzi. Na walioapa kwamba walimwona akinyatia kabati ni akina nani? Lovell na Crake. Pruett akavaa koti lake la Jumapili, akaenda mahakamani kutoa ushahidi.

Alipokwisha kueleza habari za sanduku lile, Lovell akaomba ruhusa ya kumuuliza swali.

“Wewe ulikaa mbele, umetupa mgongo. Uliona nini?”

“Sikuona kitu, bwana. Lakini uzito wa mzigo muulize farasi. Wangu walisimama mara tatu.”

Watu wakacheka, hata jaji akaficha mdomo kwa mkono wa joho. Lovell hakutahayari. Alisema farasi walichoshwa na unene wa mwenzake, ambaye siku ile aliumwa mguu akabaki ndani ya gari. Jibu lilikuwa na sura ya kweli, na Keziah akainamisha kichwa. Maskini, alidhani yamekwisha.

“Pale habaki mtu garini,” Pruett akasema. “Bwana Crake alipanda kwa miguu yake, tena alilalamika njia nzima.”

Sasa Crake alikuwa mtu wa kujipenda, na kuitwa mlalamishi mbele za watu kulimchoma. Lovell alimkanyaga mguu, lakini alichelewa.

“Ningeachaje kulalamika?” Crake akafoka. “Viatu vya hariri, na tope mpaka kwenye vifundo!”

Jaji akawatazama mabwana wale mmoja mmoja, bila haraka.

“Kwa hiyo ndani ya gari lilibaki sanduku peke yake,” akasema. “Sanduku la kofia.”

Askari wakatumwa walikopanga wageni wale. Chini ya kofia tatu vilikuwamo vyombo vyote, hata kijiko kimoja hakikupungua. Lovell na Crake wakaingia kizimbani, Keziah akatoka. Alilia, akacheka, kisha akauliza farasi wamefungwa wapi. Akaenda akawakumbatia shingo mmoja baada ya mwingine, na Pruett, aliyezoea kuwapenda peke yake, akajifanya anakaza hatamu.

Tangu hapo watu wa njia ile wakimsikia mtu akisema mzigo wa mwenzake ni mwepesi, humjibu kama alivyojibu Pruett. Anayejua uzito ni yule anayeubeba, si anayeutazama.

Haya, nendeni. Mama yenu amemwachia mjomba kazi zote za leo, naye sasa anarudi kisimani na ndoo ya saba. Msimcheke. Mpokeeni ndoo, kisha muulizeni kwa adabu kama ni nyepesi. Uzito wa mzigo muulize farasi.